Kona Tano za Bati Juu ya Tuta la Lambo

Kazi yangu ni kutazama udongo ambao kwa macho hauendi popote. Nikisema hivyo Kanyenye, mtaa wa Tabora nilikozaliwa, watu huniangalia kwa huruma, kama mtu aliyesomeshwa mpaka akapitiliza. Mama mmoja jirani aliwahi kuniuliza kama serikali inajua ninachofanya. Nikamwambia inajua, tena ndiyo inayonilipa. Akatikisa kichwa, akasema kumbe ndiyo maana barabara ya mtaa wetu ina mashimo.

Ukweli wenyewe ni huu. Kuna setilaiti inayopita juu yetu kila baada ya siku kumi na mbili, mahali pale pale, saa ile ile, kwa uaminifu ambao sijauona kwa binadamu, achilia mbali wachumba wangu wawili wa zamani. Haihitaji mwanga wala haijali mawingu. Inatuma mawimbi ya rada chini, inasikiliza mwangwi unaorudi, inaenda zake. Mimi nachukua mwangwi wa leo na wa siku kumi na mbili zilizopita, naulinganisha kwenye kompyuta, na kama kipande cha ardhi kimesogea hata kwa unene wa ukucha, naona tofauti. Mteremko unaoporomoka unaweza kuanza hivyo, kidogo kidogo, miaka mingi kabla mtu yeyote hajapiga kelele. Kazi yangu ni kupiga kelele mapema.

Mkuu wangu wa kazi ni mzaliwa wa milimani. Alipohamishiwa Tabora, siku yake ya kwanza alishinda dirishani akitafuta mteremko na hakuupata. “Huku hakuna kinachoteleza,” aliniambia, “labda bei ya tumbaku.” Alikuwa sahihi. Tuna tambarare, tuna miombo, tuna vilima vya mawe vilivyokaa kimya tangu dunia iumbwe, na tuna historia. Historia tunayo ya kugawa. Mgeni hamalizi kikombe cha chai mjini kwetu kabla hajaambiwa habari za misafara, jinsi babu zetu walivyobeba pembe na vitambaa kati ya pwani na ziwa, na kukieneza Kiswahili njiani. Hakuna anayetaja kwamba walikuwa wakilalamika njia nzima. Mimi naijua familia yangu, na jambo hilo sina shaka nalo.

Kilichokuja kuteleza kilikuwa tuta la lambo. Ukitoka mjini kuelekea Urambo, upande ule ule waliokuwa wakielekea wenye mizigo ya zamani, kuna kijiji ambacho sikitaji jina kwa sababu mwenyekiti wake yu hai na ana namba yangu. Watu wa hapo walichimba lambo zamani, wakalundika udongo upande wa bondeni ukawa tuta refu, na maji ya mvua yakakaa nyuma yake. Ng'ombe wanakunywa humo, na majaruba ya mpunga yaliyo chini ya tuta yanapata maji humo humo. Hatua chache kutoka tuta lilipoishia, kati ya tuta na majaruba, ilikuwepo nyumba ya shangazi yangu.

Shangazi ni mdogo wake baba, tumbo moja. Aliolewa huko na mkulima, akafiwa, akabaki na nyumba ya matofali ya kuchoma, majaruba mawili na mdomo usiopumzika. Yeye ndiye aliyeligundua jambo kabla ya setilaiti. “Mlango wangu wa nyuma umeanza kugoma,” aliniambia kwenye simu. “Na nguzo ya kamba ya nguo imeinama kama mlevi anayetafuta kiatu.” Nikamwambia ni mchwa. Mimi, niliyesomea mambo haya. Mchwa!

Baadaye, kwa uvivu wa Ijumaa mchana, nikafungua picha za kiangazi kilichokuwa kimepita, tuta lilipokuwa tupu bila jani. Nikaona. Kipande cha katikati kilikuwa kimesogea kuelekea bondeni, yaani kuelekea kwa shangazi, na kila picha kilikuwa kimeongeza kidogo. Nikampigia simu kumwomba radhi kuhusu mchwa, naye akasema alishajua siku nyingi kwamba nimesoma bure.

Tatizo ni kwamba mvua zilikuwa zimeshaanza. Majani yakiota juu ya tuta mwangwi unavurugika, maana jani halikai mahali pake hata dakika moja, na rada haiwezi kujua kilichosogea ni udongo au ni nyasi. Dawa yake ni kusimamisha juu ya tuta vitu visivyobadilika: mabati matatu yaliyounganishwa kama kona ya chumba, kuta mbili na sakafu, kila moja likikutana na mwenzake kwa pembe mraba kamili. Wimbi likiingia kwenye kona hiyo hugonga huku na huku kisha hurudi lilikotoka kwa nguvu zake zote, na kwenye picha kona inang'aa kuliko kila kitu kilichoizunguka. Tulihitaji tano. Ofisini hazikuwepo, na kuziagiza kungechukua muda mrefu kuliko masika yenyewe.

“Baba yangu ni fundi bati,” nikasema, bila kufikiri mara mbili.

Baba ana kibanda chake Kanyenye tangu sijazaliwa. Ndoo, koroboi, mifereji ya paa, masanduku ya wanafunzi wa bweni, vyote vinatoka mkononi mwake. Kibandani hapo kuna sheria moja isiyoandikwa: kazi ya fundi haipimwi mbele ya fundi. Mteja akitoa futi kamba ili aipime ndoo yake, baba humpokonya ile ndoo kwa upole na kumwambia aende akajitengenezee, maana inaonekana anajua. Nimeona wanaume wazima wakifukuzwa namna hiyo, mmoja wao akiwa amevaa sare. Mafundi wote wa mtaa ule wana tabia hiyo, ila baba ndiye mkubwa wao.

Nilimkuta na wazee wenzake watatu, kahawa yao na ubao wao wa keram, ule mchezo wa kusukuma kete kwa kidole. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikampa baba mchoro.

“Hiki nini?” akauliza.

“Ni kwa ajili ya setilaiti, baba.”

“Kinakaa ndani au nje?”

“Nje.”

“Kinanyeshewa?”

“Kinanyeshewa.”

Akaukunja mchoro, akauweka chini ya kikombe cha kahawa. Mzee mmoja akataka kujua kama kitashika mechi za Ulaya. Nikamwambia hakitashika. Akapoteza hamu nami papo hapo na kurudi kwenye kete zake.

Ni hayo tu niliyomwambia baba. Sikumweleza habari za mwangwi, wala tuta, wala mdogo wake anayelala chini ya tuta. Nilijidanganya kwamba sitaki kumchosha mzee. Ukweli ni kwamba niliona hataelewa, na hilo linaniuma hata sasa ninapoliandika.

Siku ya nne zilikuwa tayari, tano, zimeegeshwa ukutani, zinameta mpaka wapita njia wanageuza shingo. Mishono ilikuwa myembamba na safi. Mkobani nilikuwa na skwea, ile ya chuma ya kupimia pembe mraba, niliyopewa kazini kwa shughuli hiyo hiyo. Wazee walikuwepo wote. Baba alikuwa amesimama ameweka mikono nyuma, anajifanya kutazama barabara. Nikaiacha skwea mkobani, nikasema mashallah.

Tulizipakia kwenye toyo, pikipiki ile ya mizigo yenye matairi matatu, nami nikakaa nyuma nimezikumbatia. Babu zangu walipita upande huu na pembe za ndovu mabegani, mimi nikapita nimekumbatia mabati, na nadhani wao walionekana wenye heshima zaidi. Kijijini mwenyekiti alitupokea amevaa tai. Ni mtu mwenye sauti nene, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na hata akikusalimia unahisi kama kuna wenzake wataitikia. Alikuwa ameshawatangazia watu kwamba kijiji kimeletewa madishi. Ilibidi nieleze mbele ya mkutano mzima kwamba hayashiki mpira, hayashiki tamthiliya, na hayashiki hata redio.

“Sasa yanashika nini?” akauliza mama mmoja.

“Yanaonyesha kama tuta linateleza.”

Watu wakaanza kuondoka.

Nilimweleza mwenyekiti jambo lililokuwa muhimu: kama tuta linateleza, maji ya lambo yapunguzwe kabla ya mvua kubwa, afungue koki kubwa iliyo chini ya tuta. Akasikiliza vizuri, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha akakataa. “Leta picha,” akasema. “Nikiona picha, nafungua siku hiyo hiyo. Bila picha, wenye ng'ombe watanila mimi.” Nimegundua kwamba nchi nzima tunaijua methali ile ya ufa, na tunaisema vizuri sana tukiwa tumesimama pembeni ya ufa.

Shangazi alipanda tutani kutukagua tulipokuwa tunazikita. Akapitisha kiganja juu ya bati la kwanza.

“Hii kazi ya kaka yangu?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Basi mimi nalala,” akasema. “Mwezi mzima usingizi unanipita kwa ajili ya hili tuta. Kama ni kaka yangu anayelilinda, nalala.”

Nikafurahi. Niliona nimefanya jambo jema. Wiki ile ile kuku wake alianza kutagia kwenye kona ya tatu, na shangazi akanipigia simu kuniuliza kama mayai yataonekana angani.

Mpito wa kwanza wa setilaiti ulikuja. Nikafungua picha nikitarajia taa tano zimejipanga juu ya tuta, nikakuta giza. Labda kivuli kidogo cha mwanga hapa, kingine pale, vitu ambavyo ukitaka sana kuviona utaviona. Nikamlaumu kuku. Nikawalaumu mbuzi wa jirani, nikailaumu kompyuta, nikaulaumu upande tuliozielekeza. Mkuu wangu akaichungulia picha juu ya bega langu, akauliza swali moja tu: “Ulizipima?”

Kesho yake nilikuwa tutani na skwea. Nikaiweka kwenye kona ya kwanza. Kuta mbili zilikutana sawasawa, lakini sakafu ilikuwa imeshuka kuelekea nje, imeacha pembe mraba kwa digrii chache. Kwa ndoo si kitu. Kwa rada mwangwi unatawanyika hewani na haurudi nyumbani. Nikapima ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Zote zilikuwa zimeshuka vile vile, kwa kiasi kile kile. Kosa moja huwa bahati mbaya. Makosa matano yanayofanana ni ufundi. Baba alikuwa ameulizia mvua, akaambiwa ndiyo, akafanya kile ambacho kila fundi bati wa Tabora angefanya: akaliinamisha bati kidogo ili limwage maji. Hakuna fundi anayejiheshimu ambaye ataacha bati bapa nje likae na maji lioze.

Nilikaa chini pale pale juu ya nyasi nikacheka peke yangu, kisha hasira ikanipanda. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia baba, nikaikasirikia na ile mashallah yangu.

Mtu mwenye akili angepanda gari akarudi mjini kumwambia fundi wake. Mimi nilitafuta nyundo. Mficha uchi hazai, wanasema, nami nilificha wangu kwa bidii: niligonga sakafu zile kwa chini, nikaziwekea mawe, nikazikunja kwa koleo, mradi zikae mraba bila baba kujua kwamba kuna mtu amepima kazi yake. Shangazi akatokea na kapu kichwani.

“Unaifanya nini kazi ya kaka yangu?”

“Nasafisha, shangazi.”

“Kwa nyundo?”

“Kuna uchafu mgumu.”

Akanitazama kidogo, akaenda zake jarubani. Nami nikarudi mjini kusubiri mpito mwingine. Siku kumi na mbili. Nilipita mbele ya kibanda cha baba kila asubuhi, nikamwamkia, akaniuliza setilaiti inasemaje, nikamwambia inaendelea vizuri. Mvua iliongezeka. Shangazi aliniambia juu ya tuta pametokea ufa ambao mkono wake unaingia mpaka kifundo, ila yeye hana wasiwasi, amelala vizuri, kazi ya kaka yake ipo. Kila alipolisema hilo nilijisikia mgonjwa.

Picha ilipokuja ilikuwa giza kama ya mwanzo. Nilikuwa nimeyakunja mabati vibaya tu.

Asubuhi iliyofuata niliingia kibandani nimebeba kona moja niliyoing'oa tutani. Wazee watatu walikuwepo, na keram yao. Nilitaka wasiwepo, lakini wale huwa hawaondoki, hata swala huwa wanapokezana kuilinda keram. Nikaiweka kona juu ya meza ya baba, nikatoa skwea, nikaisimamisha ndani yake. Mzee mmoja akashusha kikombe.

“Unapima?” baba akauliza.

“Napima, baba.”

“Kazi yangu?”

“Ndiyo, baba.”

Nilijibu kama mtoto wa darasa la pili, na nina digrii mbili. Baba akainama, akatazama mwanya kati ya skwea na bati. Akatazama pia alama za nyundo yangu, nadhani zilimuuma kuliko mwanya.

“Bati lisilomwaga maji linaoza,” akasema. “Nilikuuliza kama linanyeshewa.”

“Uliniuliza.”

“Ukasema linanyeshewa.”

“Nilisema.”

“Sasa?”

Ndipo nikaanza kueleza mwangwi. Nilieleza vibaya, kwa maneno ya darasani, mpaka yule mzee wa mechi za Ulaya akanikatiza. Akachukua kete, akaipiga kwenye ubavu wa ubao, ikagonga ubavu wa pili, ikamrudia. “Hivi?” akauliza. Nikasema hivyo hivyo. “Na ubavu mmoja ukiwa umelegea?” Akaulegeza kidogo kwa kidole gumba, akapiga tena, kete ikaenda kusikojulikana. “Basi fundi, umempa mtoto ubao uliolegea,” akamwambia baba. Kitu kilichonichukua mihula miwili chuoni, wao walikuwa wamekimaliza kabla kahawa haijapoa.

Baba hakucheka. “Na hiyo setilaiti inataka nini kwenye tuta?” akauliza.

“Inataka kujua kama linateleza. Nyumba ya shangazi iko chini yake.”

Akasimama. Sikuwahi kumwona baba amesimama haraka namna ile.

“Ungesema,” akasema. “Uliniambia setilaiti. Nikadhani ni mambo yenu wasomi, nikaitengenezea isioze. Ungeniambia ni roho ya mdogo wangu, ningeufuata mchoro wako mstari kwa mstari.”

Nikamkunjulia ule mchoro upya juu ya meza.

Alikata mabati mapya siku hiyo hiyo, mazito zaidi. Kuhusu maji alipata ufumbuzi wake mwenyewe: akatoboa matundu madogo kwenye sakafu, maji yapite, bati libaki mraba. Nami ningeweza kulifikiria hilo, lakini sikulifikiria. Alipomaliza alizipanga tano ukutani, akanigeukia mbele ya wazee wote.

“Pima.”

Nikapima. Ya nne ilikuwa imezidi kwa unene wa karatasi. Nikasema. Wazee wakaangalia chini, kila mmoja viatu vyake. Baba akaigonga mara mbili, akasema tena, “Pima,” nami nikapima, ikawa sawa.

Alikuja mwenyewe kijijini, amekaa nyuma ya toyo na kanzu yake, amezishika kona kama mtu anayepeleka mahari. Alimwambia shangazi kwa kinywa chake: zile za mwanzo zilikuwa vipofu. Nilidhani shangazi atashtuka afunge mizigo. Akasema, “Si umeshaleta zinazoona? Zikiona niambieni. Mpunga wangu umeshapandikizwa, siwezi kuuacha kwa maneno.”

Mpito uliofuata, taa tano. Nilipiga kelele ofisini mpaka mkuu wangu akamwaga chai. Mpito wa pili baada ya huo ndio uliotupa jibu: kona mbili za pembeni zilikuwa palepale, tatu za katikati zilikuwa zimeondoka kuelekea bondeni, na si kwa unene wa ukucha tena. Nikampelekea mwenyekiti picha. Akaishika juu chini, nikamgeuzia, akazihesabu taa kwa kidole mara mbili. Kisha, nimsifu panapostahili, alifungua koki siku hiyo hiyo kama alivyoahidi. Wenye ng'ombe walimtukana kwa Kinyamwezi, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, nami nikatukanwa kwa zote tatu.

Akabaki shangazi. Mwenyekiti alimsihi, nikamsihi, akatuonyesha mpunga. Baba hakusihi. Alifika alfajiri na mfuko wa vyombo vyake, akakaa kizingitini kwa mdogo wake, akaanza kugonga ndoo. Akamwambia amehamishia kibanda hapo, na atagonga mpaka nyumba iwe tupu. Ukitaka kujua mateso, kaa chumba kimoja na fundi bati mwenye nia. Shangazi alivumilia siku nzima ya kwanza na nusu ya pili. Adhuhuri alitoka na godoro kichwani, akimlaani kaka yake na wote waliomzaa, ambao ni wazazi wake pia, akapanda toyo kwenda Kanyenye.

Siku ya tisa baada ya shangazi kuhama, tuta lilikaa chini. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na kwa sababu maji ya lambo yalikuwa yamepungua hapakuwa na mafuriko. Waliokuwepo walisema lilishuka taratibu kama mzee anayetafuta mkeka, likavuka hatua zile chache, likaingia kwa shangazi kupitia ule mlango wa nyuma uliokuwa umegoma. Hakuna aliyeumia.

Tulienda watatu mvua ilipokatika. Tope lilikuwa limejaa chumba cha kulala mpaka usawa wa dirisha. Kitanda hakikuonekana. Shangazi alisimama mlangoni, akatazama pale kitanda kilipokuwa. Baba alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

“Siku ile uliyokuwa unagonga tutani,” shangazi akaniuliza bila kugeuka, “ukasema unasafisha. Ulikuwa umeshajua?”

Baba akageuka. “Siku ipi?”

Ningeweza kudanganya. Nimetoka kwenye ukoo wenye kipaji hicho.

“Kabla sijakuja kwako, baba. Nilijua kabla.”

“Siku ngapi kabla?”

“Kumi na mbili.”

Akahesabu kwa vidole, polepole, midomo ikitembea.

“Tuta lilitupa tisa tangu ahame,” akasema. “Wewe ulikuwa umekula kumi na mbili. Kwa nini?”

“Nilikuheshimu.”

“Usiniheshimu hivyo tena,” akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana nililia.

Shangazi bado alikuwa anatazama pale kitanda chake kilipokuwa.

“Na siku hizo zote kumi na mbili,” akasema, “nililala usingizi mzuri kuliko maisha yangu yote.”